Mama Amepanda Juu ya Nyumba

Lodwar, Ijumaa, mwezi wa tatu 1997

Joto. Upepo wa mchanga tangu asubuhi, ule unaoingia mpaka kwenye ugali ukasikia meno yanasaga. Na mimi leo simpendi mtu. Naanza kwa kuandika hivyo nisije nikajifanya mwema huko mbele.

Simpendi Mzee Wafula, mwenyekiti wetu. Simpendi yule kijana wa shirika na miwani yake ya jua. Siwapendi wanawake wa kwetu walioniita emoit, yaani adui, mtu wa nje, mimi mtoto wao wenyewe. Hata mama yangu mzazi leo... acha tu, nitafika huko.

Wacha niandike kwa utaratibu, hasira ikinipa nafasi.

Mtaa wetu umekatwa na laga katikati. Mvua ikinyesha milimani laga inajaa maji mekundu, inanguruma, halafu inarudi kuwa mchanga mtupu wa mbuzi na takataka. Ng'ambo moja kuna maduka. Huko wanakaa watu waliokuja kutoka Kitale na Bungoma, walimu, mafundi, askari, na nyumba zao zina mabati. Ng'ambo ya pili ni yetu, Waturkana tuliokuja mjini baada ya ukame kumaliza mifugo. Huku nyumba ni za makuti ya mikoma, magunia na maboksi yaliyokunjuliwa. Ng'ambo hizi mbili hazisalimiani. Zinakutana kuuziana makaa na kushtakiana wizi wa kuku.

Ndipo shirika likaja na maneno matamu. Wao watatoa mbao, misumari na mabati, lakini kazi ni ya wananchi wenyewe, kamati moja kwa ng'ambo zote mbili, nyumba moja huku, nyumba moja kule, kwa zamu. Mwenyekiti, fundi wa paa, akatoka madukani. Karani akatoka kwetu, na huyo karani ni mimi, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na napiga chapa ofisini.

Niseme ukweli. Mimi ni wa mikoma, lakini nalala madukani. Nimepanga chumba kwa huyo huyo Mzee Wafula. Nachota maji kwenye mfereji wake, na mtoto wake Nafula ananiita shangazi. Ndiyo sababu neno lile emoit liliniuma. Uongo mtupu hauumi hivyo.

Kazi tuligawana hivi. Kuta za ng'ambo yetu zijengwe na wanawake wetu, kwa sababu kwetu nyumba ni ya mwanamke tangu mwanzo. Yeye ndiye anakata fito, anazipinda, anazifunga, anaezeka, na akimaliza ni yake. Mwanamume ana fimbo na kigoda. Akitaka kulala anakwenda kwa mke wake. Basi wanawake kuta, mafundi wa madukani paa. Nilipoandika mpango ule nilijiona nimepatanisha mataifa. Mjinga mimi.

Nyumba ya kwanza ilijengwa madukani, bila shida. Ya pili ilikuwa ya mama.

Mama alitoka Kakuma. Mbuzi wake walipokwisha alikuwa akiuza kuni kwa wakimbizi wa Sudan. Aliona watu wakishuka kwenye malori wakapewa turubai na miti ya kujengea, yeye amesimama pale na mzigo wa kuni kichwani. Hakuwachukia. Alisema tu, wao wamekimbia vita, mimi nimekimbia jua, na hakuna shirika la watu waliokimbia jua. Akaja Lodwar akajifunika magunia kando ya laga. Mvua zilizopita laga ilipanda usiku ikachukua sufuria zake na ngozi yake ya kulalia, nikamkuta asubuhi amekaa juu ya jiwe, amelowa, anacheka. Tangu siku hiyo anakohoa. Na sasa mawingu yameanza kujikusanya tena upande wa milima.

Nilichotaka ni hicho tu: mama awe chini ya paa kabla laga haijajaa. Hayo mengine ya umoja na maendeleo niliyaandika kwa sababu shirika linapenda kuyasoma.

Jumanne mafundi wawili wa Mzee Wafula walikuwa juu ya kuta za mama wakipiga mbao. Mama akatazama pembe moja akaona msumari umekaa vibaya. Bila kumwambia mtu akachukua kamba zake za mkoma, akapanda juu, mwanamke wa umri ule, shanga zinalia shingoni, akaanza kuifunga ile pembe. Ni nyumba yake. Nani mwingine aifunge?

Wale mafundi walishuka kama wameona nyoka. Wakakusanya nyundo na misumeno wakavuka laga bila kuaga.

Jumatano Mzee Wafula akaita kamati, akatoa sheria mpya. Kuanzia sasa mwanamke asikaribie nyumba ikifika paa. Kila nyumba ilete mwanamume, na huyo ndiye mafundi watamkabidhi nyumba. Nyumba isiyo na mwanamume ingoje, na kama hajapatikana hadi Jumamosi, mabati yanavuka laga kwenda nyumba inayofuata. Akanitazama mimi, akasema, "Karani, watafsirie wamama."

Nikatafsiri. Kwanza wanawake walicheka. Walidhani nimekosea. Walipoona sicheki, ndipo neno emoit likatoka.

Nikamwambia mama basi tumwite kaka yangu, Ekai, anavua samaki huko Lowarengak, tumtafutie lori aje asimame tu pale, apige msumari mmoja, apewe hiyo nyumba kwa mdomo, yaishe. Mama akaniangalia kama mtu anayepima mbuzi mgonjwa sokoni. Akasema, "Nyumba iliyojengwa na mwanamume ni ya mwanamume. Akikasirika anaichukua. Akioa, mke wake ananiambia nihame. Heri magunia yangu."

Nilimbishia. Nilimwambia anakufa kwa kiburi. Akaendelea kusokota kamba.

Sasa leo.

Asubuhi nilimkuta Mzee Wafula anapiga mswaki uani. Nikamsalimu, nikamuuliza kwa heshima zote sheria ile imetoka wapi, mbona haikuwa kwenye makubaliano. Akatema povu. Akasema hataki mambo ya wanawake juu ya nyumba, na kwamba wanaume wetu ni wavivu, wanalala kivulini wake zao wakibeba miti, na mradi huu lazima uwafundishe adabu. Nikamwambia asiwatukane watu asiowajua. Akasema, "Nimeishi hapa kabla wewe hujajua kuvaa viatu." Nikaondoka kabla sijamjibu, maana kodi ya mwezi huu ilikuwa bado.

Mkewe alinifuata mferejini. Mama Nafula ni mpole. Nikiugua yeye ndiye huniletea uji. Aliweka ndoo chini, akatazama nyuma, akaanza kuniambia kwa sauti ndogo.

Kwao mwanamke hapandi juu ya nyumba. Ni mwiko mkubwa, hata kumtazama akiwa juu. Akipanda ameitakia nyumba kifo, na mwenye nyumba, yaani mumewe, anakufa, na aliye chini ya paa lile anaweza kumfuata, mpaka achinjwe mbuzi watu watakaswe. "Wale vijana hawakumdharau mama yako," akasema. "Walikimbia. Mmoja bado hajalala tangu Jumanne."

Nikamuuliza, sasa mzee kwa nini hakusema hivyo kwenye kamati?

Akacheka kidogo, cheko la uchovu. "Aseme nini, Akiru? Yeye ni mzee wa kanisa. Jumapili iliyopita tu alihubiri kwamba mila ni giza."

Kisha akanishika mkono, akasema nisimwambie mtu kwamba maneno yametoka kwake. Nikamwambia sitasema.

Nilivuka laga mbio. Nilidhani nimebeba dawa. Nilidhani nikimweleza mama, ataelewa, atakaa chini, mafundi watarudi, mabati yatapigwa, tutakunywa chai. Nikamweleza yote, ila jina la mwanamke sikulitaja. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Wanawake wengine nao walisogea.

"Kwa hiyo nikipanda, mume wangu atakufa?" akauliza.

Ndivyo wanavyoamini, nikasema.

"Baba yako tulimzika Kakuma. Sasa nitamuua nani?"

Wallahi, wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama hakucheka. Alijifunga nguo kiunoni, akauliza nyundo iko wapi.

Nyundo haikuwepo. Mafundi walikuwa wameondoka nazo. Mwanamke mmoja akaleta jiwe la kusagia, mwingine akaleta shoka. Wakapanda mama na wenzake wawili. Na mimi nilishika ngazi. Nataka ibaki imeandikwa hapa kwamba sikulazimishwa. Karani wa kamati, mwenye viatu, alishika ngazi.

Habari katika mtaa huu hazihitaji redio. Jua lilipokuwa kali kabisa tukawaona wanavuka laga, Mzee Wafula mbele, karibu wanaume wote wa madukani nyuma yake, na mkokoteni wa kubebea mabati. Jumamosi yenyewe ilikuwa haijafika. Alikuwa ameamua kutungoja tuvunje sheria aje kuchukua mapema, na sisi tukamrahisishia kazi.

Alipoinua macho akaona nani wako juu, aligeuka. Akageuka kabisa, akatupa mgongo, akakaza macho upande wa laga. Wenzake nao wakageuka mmoja baada ya mwingine. Wanaume wazima wamejipanga, wamekasirika, wanatukana, na wanatutukana huku wanatazama mbuzi wa ng'ambo. Siku nyingine ningecheka.

"Karani," akapaza sauti bila kugeuka, "waambie washuke!"

Nikasema sitafsiri.

"Waambie washuke, au mradi umekwisha leo!"

Nikasema tena sitafsiri, na Kiswahili wanakisikia vizuri, wanakujibu kwa jiwe hilo unalolisikia likigonga. Ndipo akaanza. Akasema hawa ni watu wa porini. Akasema shirika linawatupia fisi mabati. Akasema mama yangu ni mwanamke asiye na haya, anapanda juu ya nyumba kama nyani, na ndiyo maana hana mume.

Hapo nikachemka. Mama yangu! Sijui hata maneno yalipitia wapi. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba haya mambo ya sheria ni uongo, kwamba yeye anaogopa tu, mzee mzima wa kanisa anaogopa mwiko wa bibi yake, anahubiri mila ni giza na kumbe yeye ndiye hawezi kuinua macho. Nikasema geuka basi, kama Mungu wako ni mkubwa, geuka utazame juu! Akauliza nani ameniambia upuuzi huo. Nikasema muulize mkeo.

Mdomo huu. Mdomo huu utaniua siku moja.

Mama Nafula alikuwa pale pale, pembeni, na beseni la dagaa alilokuja kuuza. Sikuwa nimemwona. Alilinyanyua beseni lake akaanza kurudi kwao, na wanaume walimpisha njia bila mmoja kumsalimu. Nikataka kumwita, akawa ameshashuka lagani.

Hata wale waliokuwa juu walisimama. Kisha mama, ambaye Kiswahili chake ni cha kuuzia kuni, akaona watu wamenyamaza akadhani ugomvi umekwisha. Akachukua bati lingine akaliweka akaanza kugonga.

Alikuwa ameanzia juu. Nyumba ya mikoma anaijua kuliko kiganja chake, lakini bati hajawahi kulishika maishani. Lile la juu alilipiga kwanza, na la pili akalilaza juu ya la kwanza, kama mtu anayetandika ngozi. Maji yangeingia ndani yote. Mimi sikujua. Hakuna aliyejua upande wetu.

Mzee Wafula alijua. Alimpa mgongo bado, lakini fundi ni fundi, nadhani alikuwa ameshachungulia kwa jicho moja, mwiko au si mwiko. Niliona shingo yake inakakamaa kila jiwe likigonga. Mwisho akashindwa.

"Waanzie chini," akasema.

Nikauliza nini.

"Mabati yanaanza chini! La juu lilale juu ya la chini! Ama mnataka kuvuna maji kitandani?" Akapiga mchanga teke. "Waambie, bwana! Na msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, usipigwe kwenye bonde!"

Hayo nikatafsiri. Mama akatazama chini, akatazama ule mgongo wa Mzee Wafula, akang'oa mabati akaanza upya kutoka chini. Mzee akabaki amesimama akisikiliza. Mara mbili alipiga kelele, "Umepinda huo!" na mara zote mbili nilimwambia mama na ulikuwa umepinda kweli.

Mtu akisoma hapa asije akadhani tulipatana. Bati la mwisho lilipogongwa alinigeukia mimi, macho kwenye viatu vyangu, akasema kwa sauti ya chini, "Toa vitu vyako kwenye chumba changu kabla jua halijazama. Kodi baki nayo." Wakaondoka na mkokoteni mtupu.

Baadaye kidogo akaja yule kijana wa shirika na gari. Alikuwa ameshasikiliza upande wa madukani kwanza, kama kawaida. Hakuzima hata injini. Akasema kazi inasimama mpaka jamii ielewane, na mabati mengine hayatatoka stoo. Nikamuuliza vipi hawa wenzetu ambao kuta zao zimesimama tayari. Akasema jamii ndiyo iamue, mradi ni wa jamii. Akafunga kioo.

Kwa hiyo mama ana paa. Wale wanawake wawili waliopanda naye hawana. Wamejenga kuta, wamebeba udongo, leo wamempigia mwenzao misumari kwa jiwe, na mvua inakuja. Mmoja wao alipokuwa anaondoka nilimsalimu, ejok, akaitikia kwa adabu tu, macho yakiwa kwenye lile bati linalong'aa. Kama kuna chuki mpya mtaani, sasa haihitaji kuvuka laga. Imekaa huku huku.

Nilikwenda kutoa vitu vyangu. Mlango wa Mama Nafula ulikuwa umefungwa. Nilibisha. Nilisikia anatembea ndani, nikasikia mtoto anauliza ni nani, halafu hakuna kitu. Nikasema samahani kwa mbao za mlango. Nilibeba godoro kichwani, sanduku mkononi, nikavuka laga mchana kweupe, na wenye maduka wote wamesimama barazani kunitazama. Hakuna aliyenisaidia, wa huku wala wa kule.

Njia nzima nilikuwa najifariji. Nilijiambia angalau nimepoteza chumba kwa sababu ya mama, nitaishi naye, nitamtunza, nyumba ni ya kutosha wawili. Nilijiona nimekuwa binti wa maana.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Akalitazama godoro.

"La nini?"

Nikamweleza nimefukuzwa. Nikamweleza na sababu, kwa urefu, nikitegemea asikitike. Alitikisa kichwa polepole.

"Utalala leo," akasema. "Kesho pia, ukichoka. Lakini hii ni nyumba yangu, Akiru. Wewe una umri gani sasa? Mwanamke wa umri wako hakai kwa mama. Nenda laga ukate fito."

Nilidhani anatania. Nikamwambia, mama, nimegombana na mji mzima kwa ajili ya paa hilo. Nimeshika ngazi!

"Ndiyo. Ulishika ngazi."

Nilimchukia, naandika wazi. Nilikaa juu ya sanduku langu nikamchukia mama yangu kwa roho yangu yote, na yeye hakujali, akaingia ndani akaanza kuchunguza paa lake, anabonyeza hapa, anabonyeza pale, anakaza kamba pale ambapo msumari haujamridhisha. Akatandika ngozi akajilaza katikati kabisa ya nyumba, si pembeni kama anavyolala siku zote kujikinga na upepo.

Jua ndiyo kwanza linazama na ameshalala. Anakoroma. Hakohoi.

Mimi niko mlangoni na daftari na godoro. Milimani kuna radi, mbali bado. Najua kupiga chapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama, na sijui ni mti gani unakubali kupinda bila kuvunjika. Mama simuulizi; wa kuniambia ni wale wanawake wawili waliopanda naye, na siwezi kwenda kwao mikono mitupu nikiomba nifundishwe, wakati wao wenyewe hawana paa.

Basi nitaanza na za kwao. Asubuhi nitaazima shoka, nitawakatia mikoma ya kuezeka zile kuta zao kabla mvua haijafika. Wakinitukana nitajibu, sitanyamaza, hiyo siwezi kuahidi. Lakini nitakata.